Mgonga Sufuria

4 Machi

Dada,

Barua hii nimempa dereva wa lori la sukari, yule mwenye jino la dhahabu, kwa hiyo ukikuta bahasha inanata usishangae. Simu sitaki. Kwenye simu wewe hunikatiza, halafu Mama ana masikio ya popo. Nikinong'ona uani, yeye ananijibu kutoka jikoni.

Huku wote wazima isipokuwa mimi. Juma lililopita nilikwenda hospitali kwa sababu ya uchovu. Uchovu gani huu sijui, naamka nao, nashinda nao, nalala nao. Daktari, kijana ambaye ningeweza kumtuma dukani, akanilaza, akanibonyeza chini ya mbavu za kulia. Akanipeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya tumbo na kunionyesha kwenye kioo. "Hili ni ini lako. Unaona lilivyo jeupe? Hayo ni mafuta." Kisha akaniuliza bila kunitazama usoni, "Pombe unakunywa kiasi gani?"

Unanijua, Dada. Sijawahi kugusa pombe hata ya kusukutulia jino bovu. Nikamwambia hivyo. Akaandika kitu, akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo alilopewa Baba miaka ile.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi? Mlango aliomfungia Baba bado ni ule ule na bawaba zake ni zile zile. Unakumbuka Baba alivyomaliza mwaka wake wa mwisho? Alilala kwenye benchi la kiwandani, kile kibanda chetu cha peremende uani, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Kila jioni, akishazima moto wa peremende, aligonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria kama alivyofanya tangu tukiwa wadogo, kumwambia mkewe kazi imekwisha, atenge chakula. Mbili za haraka, ya tatu ameichelewesha. Na mkewe hafungui. Wewe ulikuwa umeshaolewa. Mimi ndiye niliyekuwa nazungukia nyuma na sahani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi sinywi." Nikamwambia, "Najua, Baba." Mpaka leo sijui kama nilijua.

Sasa nisikilize na usinicheke. Kiwandani kuna mtu anagonga sufuria. Mchana kweupe, niko peke yangu, shira ya sukari inachemka, mara nasikia kijiko ukingoni. Ko, ko. Halafu, ko. Nikigeuka hakuna mtu. Mwanzoni nilisema ni bati la paa linatanuka kwa jua. Lakini bati halijui kuchelewesha ya tatu.

Naogopa, Dada. Nimerithi sufuria zake, kijiko chake kirefu na benchi lake. Naona sasa nimerithi na ini lake, na mwenyewe anakuja kukagua.

Mdogo wako,
Mziwanda


11 Machi

Mdogo wangu,

Bahasha ilinata kweli. Mwanangu wa mwisho ameilamba kona kabla sijamnyang'anya.

Nitakuuliza mara moja tu, unijibu kama mtu anayejua ataulizwa tena akhera. Unakunywa? Hata kidogo, hata siku marafiki zako wanapopokea mshahara? Usikasirike. Hapa kliniki nakaa na mizani yangu na yale mahindi na samaki wa plastiki ninaofundishia watu mlo, na kila wiki naletewa wanaume wa sura ya Baba. Wote huanza kwa kusema sinywi.

Baadhi yao husema kweli, hilo nalo sitakuficha. Ini hupata mafuta kwa njia nyingi. Mwili wako ni nyumba ambayo jiko lake halizimwi hata ukilala. Chakula ndizo kuni. Zinazobaki huwekwa ghalani, na ini ni ghala mojawapo, tena la karibu na jiko. Sukari ikiingia kwa kiasi, ini huihifadhi kidogo kwa matumizi ya karibuni. Ikiingia kupita kiasi, ini huigeuza kuwa mafuta. Hilo peke yake si baya, maana ukikaa muda bila kula, mwili hufungua ghala na kuchoma akiba. Ndivyo tulivyoumbwa, kujaza na kupunguza. Tatizo linakuja pale ghala linapojazwa kila saa na halipunguzwi. Mafuta hutuama ndani ya ini lenyewe. Yale majiko madogo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili huelemewa, yanatoa masizi badala ya moto, na ndiyo maana mtu mwenye mafuta ya kutosha mwaka mzima anajisikia hana nguvu ya kufunga kamba za viatu. Baadaye ini huvimba, kisha huota makovu. Makovu yakilijaa, ndiyo yale tuliyoyaona kwa Baba.

Wewe hujafika huko. Mafuta huondoka. Ini halina kinyongo, ukilipa nafasi linasamehe. Lakini lazima nijue kinachoingia. Niandikie kila unachokula kuanzia asubuhi, hata ganda la mkate.

Kuhusu sufuria, umechoka na una woga, basi. Mimi mwenyewe mwaka ule wa mazishi nilimwona Baba kliniki kwetu, kwenye foleni, ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Nilipomfikia alikuwa mzee wa watu wengine. Nilikwenda kulia stoo. Wakwe zangu mpaka leo wanajua alikufa kwa moyo. Niliona heri moyo kuliko maswali.

Nijibu upesi.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Kumbe hata wewe.

Sinywi. Nimeandika mara moja na sitaandika tena.

Umetaka chakula, haya. Asubuhi chai kavu, bila sukari, maana tangu yule daktari aseme mafuta nimeona nijitese. Kiwandani naingia jua likiwa bado halina nguvu na natoka jioni, na humo ndani sitii kitu tumboni kutwa. Sina hata njaa, niseme ukweli, lile joto linaiua. Jioni nakula nusu sahani ya alichopika Mama, maharage au mboga za majani, nyama nimeacha, mafuta ya kupikia nimemkataza. Mama ananitazama ninavyosukuma sahani. Matunda sili. Soda sinywi, na hilo usiligeuze swali lingine.

Nimepungua wapi sasa? Tumbo limeongezeka. Kifungo cha suruali kimeruka jana nikiwa nimeinama, kikaingia kwenye sufuria ya tangawizi. Nimekitafuta katika fungu zima la peremende nisije nikamvunja mtu jino. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Lakini mimi sicheki. Anagonga sana siku hizi. Zamani ilikuwa mara chache, sasa ni kutwa. Na si mimi peke yangu ninayesikia. Juzi nilitoka kuchukua maji, nikamwona Mama dirishani jikoni, kisu kimesimama juu ya kitunguu, shingo ameigeuzia kiwandani. Aliponiona akakata kitunguu kana kwamba kimemkosea. Jioni akanipita karibu akavuta hewa kwa pua. Namjua yule mama. Alikuwa ananinusa.

Mziwanda


27 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa swali. Lakini nisikilize, maana sasa sijui nikuamini wewe au niamini kazi yangu. Chakula ulichoniandikia hakimnenepeshi hata mjusi. Mtu anayekula hivyo, tena anayesimama kutwa mbele ya moto, alipaswa kuwa ameshachoma nusu ya ghala lake. Suruali ilipaswa iwe inakuporomoka, si kifungo kiruke.

Kuna kitu kinaingia. Hakuna muujiza katika mwili, mdogo wangu. Kinachowekwa kimetoka mahali. Kama si pombe, ni nini? Una mwanamke anakupikia pembeni? Niambie, nitafurahi, muda mrefu tunasubiri wifi. Una pipi unalamba, una asali? Unanificha nini?

Sikuandikii haya kukutesa. Nilimpoteza mtu mmoja nikiwa nasema "hayo ni mambo yake na Mama." Sitaki wa pili.

Dada yako


20 Aprili

Binti yangu,

Miwani yangu imekatika mkono, kwa hiyo herufi ni kubwa, vumilia.

Mdogo wako hatakujibu. Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama, akaitia chini ya sufuria ikaungua. Nilimwuliza kuna nini, akasema, "Mama, niacheni." Ndiyo nikajua anaumwa. Nilijua hata kabla, kwa macho. Si ya njano bado, lakini yamechoka kama ya baba yenu yalivyoanza. Kadi ya hospitali nimeiona kwenye shati lake nilipokuwa nafua. Neno ini najua kulisoma hata bila miwani.

Alipokwenda sokoni nikaingia kiwandani. Sikuwa nimekanyaga humo tangu siku walipomtoa baba yenu. Nikatafuta chupa. Chini ya benchi, nyuma ya magunia ya sukari, ndani ya tangi la maji, juu ya boriti. Nilijua pa kutafuta, maana nilikuwa natafuta hapo hapo zamani. Sikupata hata kizibo. Na zamani sikupata hata kizibo.

Lakini mdomoni ananuka, binti yangu. Ule uchachu wenye utamu ndani yake, kama kitu kilichoachwa kikavunda. Ndiyo harufu iliyonifanya nimfungie baba yenu mlango. Sasa imo tena nyumbani mwangu, kwenye shati la mtoto.

Na baba yenu yumo kiwandani. Sisemi nadhani. Wewe utasema ni uzee. Mimi nimeolewa na kile kijiko, nakijua kinavyogonga kuliko ninavyoijua sauti yako. Mbili za haraka, ya tatu anaichelewesha, kama mtu anayefikiri kidogo kabla ya kuingia. Anagonga asubuhi, anagonga adhuhuri. Hamgongei mdogo wako. Ananigongea mimi. Nilimnyima mlango, naye anamchukua mtoto.

Kama kuna dawa huko kwenu ya kitu kama hiki, tuma. Kama hakuna, njoo tu nikuone.

Mama yenu


28 Aprili

Shikamoo Mama,

Kuja siwezi mpaka likizo, nimeomba wamekataa. Lakini kuna jambo moja nakuomba, na ni wewe tu unayeweza kulifanya.

Ingia kiwandani yeye akiwa ndani. Chukua ufumaji wako, sema jikoni kuna moshi, sema lolote. Kaa kutwa. Chupa usitafute, hakuna chupa. Tazama mikono yake. Kila kitu kitakachopita mdomoni mwake niandikie, hata kama ni nzi.

Na wa kugonga akigonga, Mama, usifumbe macho. Tazama yuko wapi.

Binti yako


9 Mei

Binti yangu,

Nimekaa. Nimekalia kigoda cha baba yenu, kimepungua mguu mmoja kidogo, kinacheza vile vile. Mdogo wako alinishangaa, lakini akanipa chai.

Aliwasha moto. Akamimina sukari, akatia maji, akakamulia ndimu. Ilipoanza kutoa mapovu akachovya kijiko kirefu, akakipuliza, akanywa kilichokuwemo. Akagonga kijiko ukingoni. Mbili za haraka. Ya tatu akaichelewesha.

Halafu akageuka. Uso umemsawijika, jasho limemtoka. Akaniuliza, "Mama, umesikia?"

Binti yangu, nywele zilinisimama. Nilidhani ananitania. Nikamtazama machoni, hanitanii. Alikuwa anaogopa kweli, kama alivyokuwa akiogopa radi. Na kijiko kilikuwa bado mkononi.

Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Ni Baba."

Nikaendelea kukaa. Ile chai ilikuwa haijapoa ameshaonja tena, na tena. Shira ikiwa nyepesi anainywa kwenye kijiko. Ikiwa nzito anaidondoshea kwenye kopo la maji baridi, anaokota kile kidonge, anakitafuna ajue kama kinakatika au kinanata. Ya tangawizi, ya mnanaa, ya ndimu, kila sufuria kuanzia inapochemka mpaka inapomwagwa mezani. Akimaliza kuonja anagonga, shira iliyobaki idondoke. Nusu ya muda macho yako dirishani, anafikiri mambo yake. Mkono unakwenda wenyewe.

Adhuhuri nikamwuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Akanijibu, "Sijatia kitu mdomoni, Mama, tangu chai ya asubuhi." Na alikuwa anatafuna.

Hadanganyi. Naapa kwa maziwa niliyowanyonyesha, hadanganyi. Haoni. Kwake ile ni kazi. Baba yenu alimfundisha hivyo tangu akiwa hafiki kimo cha meza, kwamba mpishi asiyeonja anauza majuto. Hakumfundisha kwamba kinachoonjwa kinakwenda mahali.

Nami hata siku moja sikuja kukaa humu baba yenu akiwa kazini. Nilikuja usiku kutafuta chupa.

Nijibu wewe uliyesoma. Kuonja ni kula?

Mama yenu


15 Mei

Mdogo wangu,

Mama amekaa kiwandani kwa sababu nilimtuma, ukitaka kukasirika nikasirikie mimi. Lakini kwanza soma mpaka mwisho, na barua hii usiitie chini ya sufuria.

Anayegonga ni wewe.

Mama amekuona. Unaonja, unagonga, halafu unageuka kumtafuta aliyegonga. Najua utasema si kweli. Fanya jaribio. Kesho funga kitambaa mdomoni, kama wanavyofanya wapaka rangi, halafu pika. Kila kijiko kitakapofika kwenye kitambaa utajua mkono wako ulikuwa unakwenda wapi.

Hivyo vijiko vyote ni chakula, tena chakula cha aina mbaya kuliko vyote kwa ini. Ndani ya sukari mna sukari mbili zilizoshikana. Moja mwili mzima unaitumia. Ya pili, sehemu kubwa yake hupelekwa moja kwa moja kwenye ini, na ini likielemewa huigeuza kuwa mafuta. Halafu kila kijiko kinaamsha insulini, yule mlinzi wa ghala anayeuambia mwili: weka, usichome. Mtu wa kawaida akimaliza kula, mlinzi hulala na ghala hufunguliwa. Wako hajalala miaka na miaka. Ulijinyima nyama, ukajinyima maharage, ukadhani umefunga. Mwili wako haujawahi kufunga hata adhuhuri moja. Ndiyo maana huna njaa, ndiyo maana umechoka. Unabeba akiba ambayo hujawahi kuruhusiwa kuitumia. Na ule uchachu Mama anaounusa mdomoni mwako ni wa kinywa kinacholoweshwa sukari kutwa. Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga walisema, ila hawakusema yanayompata yule ambaye kuchovya ndiyo ajira yake.

Mimi nilikuuliza unakula nini, ukanijibu kweli. Sikukuuliza kazi yako unaifanyaje. Siku hizi namwuliza kila anayeketi mbele ya mizani yangu.

Sasa kuhusu Baba. Sina picha ya ini lake na siwezi kumfufua nikampima. Lakini mikono yako ni yake, kijiko ni chake, harufu ni yake, na chupa haikuonekana. Mimi nimeamua ninachokiamini. Baba hakunywa, mdogo wangu. Baba alionja.

Fanya hivi. Kile kipimajoto cha shira ambacho Baba alikitundika msumarini kwa kiburi cha kuamini ulimi wake, kishushe, kitakuambia shira imefika bila ulimi wako. Ladha aonje Mama, mara moja kwa sufuria, ateme. Kula mlo wa kweli mchana, na maharage yako uyarudishe. Peremende wapelekee wateja kwa miguu, misuli nayo ni jiko, ipe kuni. Halafu rudi ukapigwe picha baada ya miezi mitatu.

Unaweza kupona. Nakwambia kama mtu wa kazi, na nakuomba kama dada.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Sikuamini. Nilisema wewe na Mama mmekula njama, mmeshindwa kunifanya mlevi sasa mnanifanya mwendawazimu. Nikafunga kitambaa ili niwaaibishe.

Mpaka adhuhuri kilikuwa kimekauka kwa shira, kigumu, kingeweza kusimama chenyewe mezani. Sikukumbuka hata kijiko kimoja. Nikakivua, nikakaa kwenye benchi la Baba, nikakitazama.

Siku ya pili Mama akanifunga mkono wa kulia kifuani kwa kanga yake kama mtu aliyevunjika, nikapika kwa kushoto. Mkono wa kushoto haujui mambo ya Baba. Ukitaka kwenda mdomoni unauliza kwanza. Kichwa kiliniuma, nikatetemeka, nikamfokea Mama, nikamwomba radhi, nikamfokea tena. Mchana nikala sahani nzima na nikaongeza. Nilikuwa nimesahau njaa inafananaje. Mama anaonja anatema nje ya dirisha, na kuku wa jirani wameshajua, wanamsubiri.

Lakini nikwambie jambo. Siku hiyo ya kufungwa mkono hakuna aliyegonga. Kutwa nzima shira ilichemka na kiwanda kikawa kimya, na jioni nilipozima moto nililia, Dada, nililia kwa sauti. Si kwa ajili ya ini. Nimekuwa nikimwogopa siku zote hizi, kumbe nilikuwa naye. Kila siku nilikuwa naye humu ndani, na sasa hayupo, na aliyemfukuza ni mimi.

Mama naye halali vizuri kwa ukimya huu. Alivumilia, alivumilia, mwishowe akaja mlangoni jioni, anatazama miguu yake, akasema, "Sufuria ikiwa tupu, kuna ubaya ukigonga?" Nikamwambia hakuna. Basi kila jioni nikishaosha kijiko nagonga sufuria tupu, mbili za haraka, ya tatu naichelewesha. Na yeye anafungua mlango wa nyumba. Anasimama tu pale, anashika komeo. Kisha ananiita nikale.

Kifungo nimekishona. Bado kimebana, lakini kinafunga.

Mziwanda


25 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mara ya mwisho nilimsomea mume wangu. Kisha nikaenda kwa wakwe zangu nikawaambia Baba hakufa kwa moyo, alikufa kwa ini. Mama mkwe akaniuliza kama nilivyotegemea, "Alikuwa anakunywa?"

Nikasema hapana. Nimelisema neno hilo mara nyingi maishani kumtetea, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza sauti haikutetemeka.

Endelea kumgongea Mama. Hilo halina sukari.

Dada yako


3 Septemba

Binti yangu,

Miwani imetengenezwa.

Jana mdogo wako alikwenda kupigwa picha. Aliondoka asubuhi, kiwanda akakifunga kufuli, ufunguo akaondoka nao mfukoni. Sufuria zote alizifudikiza mezani kabla ya kutoka, niliona kwa macho yangu. Kijiko kilikuwa msumarini.

Nilishinda nakuna nazi na kuwaza. Nilimwambia Mungu achague, kama lazima amchukue mtu wa nyumba hii mimi ndiye niliye karibu na mlango.

Jua lilipoanza kushuka nilikuwa jikoni. Nikasikia. Mbili za haraka. Ya tatu ikachelewa, ikachelewa sana, mpaka nikadhani haiji, ikaja.

Nikasema moyoni, mtoto amerudi. Nikafungua mlango. Ua ulikuwa mtupu. Kufuli iko mahali pake.

Sikuogopa, binti yangu. Nilisimama pale kwa muda. Mlango sikuufunga. Nikarudi ndani nikatenga sahani, nikaiweka upande wa baba yenu mezani, ule wa dirishani, nikamwambia aingie, chakula kinapoa. Nilimwambia pia mengine, hayo ni ya mke na mume.

Mdogo wako akaja giza likianza kuingia. Alikuta mlango uko wazi. Akaniambia daktari amesema mafuta yamepungua sana, ini linarudi, aendelee hivyo hivyo na arudi tena mwakani. Alisema yule kijana hakuuliza pombe safari hii, aliuliza peremende zinauzwaje. Akacheka. Halafu akaiona ile sahani. Akanitazama, akatazama mlango, akavuta kiti chake polepole asikigonge cha baba yake.

Tukala, sote watatu.

Mama yenu